Lenzi Ndefu Imenigombanisha na Bibi

Mpendwa Ma Klaudia, naomba msaada wako maana siku hizi sili nikashiba, na wenzangu kazini wanadhani nimeachwa na mchumba, kumbe ni habari ya kamera.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bukoba, kwetu ni Kagoma kule Muleba, na mwaka huu nilinunua kamera ndogo ya mtumba, tupu bila lenzi, kwa sababu tangu utotoni napenda picha za watu wakiwa kwenye shughuli zao, njiani, sokoni, ziwani, na aliyeniambukiza ni Ta Philbert, yule mpiga picha aliyekuwa akija kwetu na baiskeli siku za kipaimara, anakaa kwanza na babu wanatafuna kahawa kavu, ile ya kumkaribishia mgeni kwenye kikapu kidogo, na kuulizana habari za migomba, ndipo anafungua begi lake, anakusogelea, anakuwekea kola sawa kwa mkono wake, anasema, "Simama kama mtu mwenye kwao," na picha mnaingoja mpaka mnaisahau. Ile aliyonipiga na bibi bado iko ukutani Kagoma, mkono wa bibi uko begani kwangu, na nikiitazama nasikia harufu ya moshi wa jiko lake.

Sasa binamu yangu Joackim ana lenzi ndefu ya kuvuta, ile inayofika milimita mia tatu, anataka kuniuzia kwa bei ya undugu, akaniazima niijaribu. Kwa kuwa mimi ni mwoga wa kusogelea watu, na mtandaoni wanafundisha kwamba picha nzuri ya mtaani ni ile ambayo mwenyewe hajui anapigwa, nilienda Kagoma nikasimama ng'ambo ya barabara, nikampiga bibi Kokushubila akianua kahawa uani, kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo mkononi, akawa anatazama barabarani jua la jioni likimwangaza usoni. Ma Klaudia, sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, nikaondoka mbio niwahi gari, nikijua Jumapili nitarudi kumshangaza.

Jumapili nikampelekea imechapwa. Akaisogeza dirishani penye mwanga. Halafu akasema, "Kumbe ulikuwa wewe? Niliona mtu amesimama, nikasema ni mgeni anaona haya kuingia, nikamletea kahawa. Nikasimama nayo pale, bojo mjukuu wangu, mpaka akaondoka." Akanirudishia picha, akaingia jikoni. Tangu hapo nikimpigia simu anasema hajambo, tena kwa Kiswahili, yeye ambaye maisha yake yote hunisemesha Kihaya.

Baada ya Krismasi baba mdogo Evarist anamhamishia Mwanza kwa sababu ya miguu yake, na nyumba itafungwa. Nilitaka picha yake moja tu akiwa kwake. Hela yangu inatosha lenzi moja: hiyo ya Joackim, au ile fupi ya milimita thelathini na tano niliyoiona dukani mjini, isiyovuta, ambayo ni lazima usogee mwenyewe kwa miguu. Ninunue ipi, na nitarudije pale uani?

Annastella, Nshambya


Annastella mwanangu,

Pole, lakini acha nikukaripie kwanza. Asubuhi unafundisha watoto wa watu adabu, jioni unamvizia bibi yako kama kicheche anavyovizia kuku? Kwetu mtu akionekana langoni kahawa inatoka, hata kama jina lake hatulijui. Bibi hana ugomvi na kamera. Alimkaribisha mgeni, mgeni akampa mgongo, na kumbe mgeni ni mjukuu wake. Hata mimi ningenuna.

Kwetu Kanazi naye alikuwapo mtu kama Ta Philbert wako. Siku ya komunyo yangu ya kwanza alilowesha kidole kwa mate akanilaza nyusi mbele ya watu wote. Nilimchukia siku ile, na leo namkumbuka kuliko hata padri. Lenzi yake haikuvuta kitu, ilibidi aje mpaka ulipo.

Kwa hiyo mwambie Joackim asante. Lenzi yake inafaa mpira na ndege wa ziwani, ila safarini itakuvunja shingo, mtaani kila mtu atajua umekuja kuchungulia, na ndani ya nyumba ya bibi yenye madirisha madogo itakupa giza tupu, maana lenzi ndefu za bei ya chini hazipitishi mwanga wa kutosha. Chukua ile fupi. Ni nyepesi, inaona hata penye mwanga hafifu, na kwenye kamera ndogo kama yako inaona karibu sawa na jicho lako. Wakikushawishi uchukue ya milimita hamsini kwa kuwa ni rahisi zaidi, kataa. Chumbani utabandika mgongo ukutani na bado utamkata bibi kichwa. Kabla ya kulipa hakikisha inaingia kwenye kamera yako, kisha imulike kwa tochi ya simu uone kama kioo kina utandu kama wa buibui, kwani mvua zetu hizi huotesha ukungu hata ndani ya lenzi. Na vile vipakiti vya chembe vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, viweke kwenye begi la kamera vinyonye unyevu.

Uoga wa watu dawa yake ni salamu. Ukienda visiwani kwa wavuvi, nunua dagaa, uliza habari za ziwa, ndipo uombe picha.

Sasa bibi. Simu acha. Nenda Jumamosi mchana, upite mlangoni, usalimie kwa Kihaya, na usimweleze ya mtandaoni. Mwambie, "Bibi, nimekuja kutafuna ile kahawa niliyoiacha." Akikuletea kikapu pokea kwa mikono miwili, tafuna, msikilize, msaidie kuanua. Ile picha usiifute, ila usimwonyeshe tena. Itunze wewe, ukumbuke ulikuwa unaletewa nini. Na kamera ikae begini, hata mwanga uwe mzuri namna gani. Ikae humo mpaka yeye mwenyewe ajifute mikono, aweke kitambaa chake sawa kichwani, na akuulize kwa Kihaya ile mashine yako umeiacha wapi.

Ma Klaudia