Mpira wa Babu Kwenye Gari Lako

Mjukuu wangu,

Usiwashe gari, ufunguo nimeondoka nao. Kliniki nimekwenda na fundi jirani. Chai ipo kwenye chupa.

Asubuhi nilisikia harufu ya petroli, nikaona matone chini ya injini. Fundi akasema ule mpira wa kupitishia mafuta niliokupa, wa marehemu babu yako, ni wa gari la zamani la kabureta, lenye presha ndogo. Lako la injekta lina presha kubwa, mpira ungepasuka tukaungua. Kumbe mpira wa presha ulishanunua! Nimeukuta kwenye boksi la spana, haujafunguliwa. Ulifunga wa babu ili nifurahi, nami nikafurahi kama mtoto.

Mpole wangu, siku nyingine nikatalie tu.

Leo funga huo mpya. ~~Wa babu utupe.~~ Wa babu nirudishie kabatini. Hata yeye asingetaka ukuunguze.

Bibi yako