Upinde wa Nusu Bei na Mume Anayelala Bandani

Bibi Gyem Lham mpendwa,

Salamu kutoka bonde la juu, mimi ni msikilizaji wako wa redioni wa kila Jumamosi na sijawahi kukuandikia kwa sababu sijawahi kuwa na shida ya kuandikwa, ila sasa ninayo, naomba unisaidie kabla ya tarehe kumi na nne maana baada ya hapo nadhani sitakuwa na nyumba.

Naitwa Chencho, nina miaka thelathini na minane, naendesha buldoza ya idara ya barabara, na kila Jumapili tangu nikiwa kijana napiga upinde na kikundi chetu cha watu kumi na mmoja, si kwa kombe wala zawadi, ni kujifurahisha tu na kutukanana na kula pilipili za jibini chini ya mierebi. Upinde wangu ulikuwa wa mwanzi, wa marehemu baba, na baridi ya mwaka huu ulipasuka katikati. Wenzangu wengi siku hizi wana pinde za magurudumu madogo kwenye ncha, zile ambazo kwa bei yake mimi naweza kununua ng'ombe wawili na nikabaki na chenji, kwa hiyo nilipotumwa mji wa mpakani kufuata vipuri nikaingia kwenye duka moja la michezo nikaona pinde tatu za kuwindia, zile za ncha zilizopinda kwenda mbele, mpini wa mbao nzuri katikati na mabawa mawili ya kufunga kwa skrubu, zote za namna moja, mbili zina bei moja na ya tatu ni nusu yake. Nikamwuliza muuzaji mbona huu nusu. Akasema, "Kaka, ni ule ule, umekaa tu hapa mwaka wa tatu hakuna anayeutaka, ukiuacha na wewe nitauchoma kuni." Nikaununua, Bibi, na nikajiona nina akili.

Sasa sikiliza. Siku moja kabla ya kuupiga mara ya kwanza narudi kutoka kazini namkuta mke wangu, Phub Zam, anafagia chumba, na upinde ambao nilikuwa nimeutundika msumarini anao yeye mkononi, ameushika kwa mkono wa kulia na anavuta uzi kwa wa kushoto maana yeye ni wa kushoto hata mwiko anaushika hivyo, anacheka, ananiambia, "Chencho, umekaa mkononi huu, kama mpini wa panga langu." Mimi nikapiga kelele mpaka mama mkwe akatoka jikoni, kwa sababu wewe unajua, Bibi, upinde wa mwanamume haushikwi na mwanamke, na hasa mkesha wa mchezo. Yeye akautundika, akaendelea kufagia.

Usiku ule tukalala bandani kama desturi, wanaume peke yetu. Jumapili nikasimama kwenye mstari, mshale nikauweka kwenye kile kidirisha kilichochongwa kwenye mpini, navuta, unaanguka. Nauweka tena, unaanguka. Nikahamishia upande wa pili, juu ya ngumi yangu, ukaenda, lakini ulikwenda kushoto sana na manyoya yake yakanichana kidole. Siku nzima ni hivyo, upande huu unaanguka, upande ule unakwenda kushoto. Lhab, rafiki yangu tangu utoto, akawa anacheza mbele ya ubao na kuimba, "Chencho, lengo ni hili hapa, yule ni ng'ombe wa mjomba wangu, ana mimba, mwonee huruma!" Wengine wakasema upinde wa kuwindia una damu ndani yake, sisi hapa hatuui wanyama, ndiyo maana unakataa. Nikaenda kwa mnajimu, akaniuliza nani aliugusa, nikamwambia, akatikisa kichwa, akasema nichome majani ya mreteni na nijitenge na huyo aliyeugusa mpaka upinde utulie.

Basi nikaapa sirudi nyumbani mpaka mshale uguse ubao. Hii ni wiki ya tatu. Hakuna aliyenichezea hata mara moja ile ngoma ya kumpongeza aliyegonga ubao.

Juzi Phub Zam alikuja bandani na chombo cha wali, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Unalala hapa na nani?" Nikasema na wenzangu. Akasema, "Wenzako nimewapita majumbani kwao. Lhab yuko kwake amempakata mtoto, anakula." Akasema, "Tarehe kumi na nne watawa wanakuja kwa ibada ya nyumba. Ukiwa ndani, uko ndani. Usipokuwa, nguo zako nitazipeleka kwa mama yako mimi mwenyewe, zimefuliwa." Akaweka wali chini akaenda.

Bibi, nampenda mke wangu, na nyumba ni ya kwao mimi nilihamia tu kama wanaume wengine. Lakini niliapa mbele ya watu. Nifanye nini? Niutupe huu upinde nikope benki ninunue wa magurudumu, au mke wangu aje auombe radhi upinde, au mimi nirudi hivyo hivyo na kicheko cha Lhab mgongoni? Na kama ni kununua mwingine wa bei nafuu, ninunue upi usionifanyia hivi?

Wako katika mashaka,
Chencho

*

Chencho,

Mjukuu wangu amenisomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimhurumia Phub Zam, halafu na wewe kidogo.

Tuanze na upinde, kwa sababu najua hutasikia lingine lolote mpaka nimalize hilo. Upinde wako hauna damu. Umekaa dukani miaka mitatu ukiwa mpya, umeua nini, nzi? Umeitwa wa kuwindia kwa sababu waliouchonga wanaishi na watu wanaowinda. Sufuria ya mchinjaji na sufuria ya mtawa zinatoka kiwanda kimoja.

Upinde wako ni wa mtu wa kushoto. Basi. Ndiyo maana ulikuwa nusu bei, ndiyo maana hakuna aliyeutaka, na yule muuzaji aliposema ni ule ule nadhani hata yeye hakujua. Wewe umekua na upinde wa mwanzi, na mwanzi hauna mkono, ushike kulia, ushike kushoto, haujali. Wa dukani una mkono kama kiatu kilivyo na mguu. Ushike kwa mkono wako wa kushoto, uzi ukiwa upande wa kifua chako, halafu tazama kile kidirisha. Kwa mtu anayevuta kwa kulia kinatakiwa kiwe upande wa kushoto wa mpini. Chako kiko kulia. Ukiweka mshale humo, vidole vyako vinauzungusha uzi na kuusukuma mshale nje, unaanguka. Ukiuhamishia upande usiochongwa, unene wote wa ule mpini unauelekeza kushoto, kwa ng'ombe mwenye mimba. Hakuna mnajimu hapo. Kuna mbao.

Na wewe uliambiwa. Mke wako wa mkono wa kushoto aliushika, akakwambia umekaa mkononi, na wewe ukapiga kelele. Fundi mzima wa buldoza! Mtu akikwambia ufunguo fulani unaingia kwenye nati fulani, unampigia kelele?

Kuhusu mwanamke kugusa upinde nitakwambia kitu ambacho wanaume wa bonde hili hawapendi nikisema. Mume wangu alichonga pinde za mianzi miaka thelathini. Aliyechagua mianzi ni mimi. Aliyeigeuza juu ya moto ni mimi, aliyesokota nyuzi kwa maganda ya upupu mpaka vidole vikaota sugu ni mimi, na kila upinde ulivutwa kwanza na mimi kwa sababu yeye bega lake lilikuwa bovu. Ule wa baba yako naukumbuka, alikuja kuununua kwetu, ulikuwa na alama ya kuungua karibu na mshiko, niliuunguza mimi nikipika. Baba yako aliupiga miaka mingapi? Na wewe? Walikuchezea mara ngapi? Sasa nenda kamwambie mnajimu.

Umeuliza ununue upi. Sikia, na uandike.

Usikope. Upinde wa kujifurahisha unaokunyima usingizi haukufurahishi. Huu wa skrubu ni mzuri kwa mtu wa kipato chako kwa sababu mabawa hayana mkono, mpini ndio wenye mkono. Ulizia kwanza kama watakuuzia mpini wa kulia peke yake, wa kiwanda kile kile, mabawa yako yatafunga. Hiyo itakuwa rahisi kuliko yote. Wakikataa, tafuta mwingine, hata uliotumika. Soma namba za ratili kwenye bawa la chini, ndizo uzito wa kuuvuta. Nyinyi mnapiga hatua mia na hamsini na zaidi, kwa hiyo ratili thelathini hazitakufikisha ila ukipigia mawinguni. Arobaini na tano zitakufikisha, lakini usichukue namba kwa sababu Lhab ana kubwa. Vuta uzi mpaka shavuni, ushikilie, utaje majina ya watoto wa dada yako wote bila kutetemeka. Ukitetemeka kwa wa pili, chukua mwepesi na usogee mbele, ubao hautakuuliza ulisimama wapi. Na ukishavuta, rudisha uzi taratibu, usiuachie bila mshale, bawa litapasuka na muuzaji atakulipisha. Kabla ya kutoa hela, shika upinde uliofungwa uzi uutazame kwa urefu, uzi upite katikati ya mabawa yote mawili, ukienda pembeni bawa limepinda. Pitisha pamba kwenye kingo, ikinasa kuna ufa. Mishale mwambie muuzaji ratili zako akupe inayolingana, mshale laini kwenye upinde mkali unakwenda kama nyoka. Na kila kitu ukijaribu, jaribu kwa mkono wako, mbele yake, kabla hujajiona una akili.

Njia nyingine ni ujifunze kuvuta kwa kushoto. Utakuwa kichekesho miezi sita. Lakini kichekesho tayari ni wewe, kwa hiyo fikiria.

Nimemaliza upinde. Sasa wewe.

Desturi ya kulala bandani ni usiku mmoja. Bibi zetu waliikubali kwa sababu na wao walipata usiku mmoja wa kupumzika. Wewe umeifanya wiki tatu na wenzako wote wamerudi kwao. Huogopi upinde, mwanangu. Unaona aibu. Ulizoea kurudi Jumapili jioni umechezewa, sasa hujachezewa, hujui uingie ndani na uso gani, ukaona bora uingie na kosa la mtu mwingine. Najua. Mume wangu alipoumia bega alikaa siku nne kwenye zizi la ng'ombe. Siku ya tano nilimfuata na kijiti cha kukorogea chai.

Na hapa ndipo naogopa utaharibu zaidi, kwa hiyo sikiliza vizuri. Najua ulichokifikiria ulipofika kwenye habari ya mkono wa kushoto. Umefikiria utakimbia nyumbani na huo upinde umwonyeshe kidirisha, umwambie, "Phub Zam, kumbe si wewe, ni mpini!" Usithubutu. Ukisema hivyo unamwambia kwamba kama upinde ungekuwa wa kulia, kosa lingekuwa lake. Phub Zam hana kosa si kwa sababu upinde ni wa kushoto. Hana kosa, kwisha. Ungekuwa wa kulia, ungekuwa wa dhahabu, ungekuwa umekosa ubao miaka kumi, usingekuwa na ruhusa ya kumpigia kelele mbele ya mama yake ndani ya nyumba ya mama yake.

Kwa hiyo upinde unabaki bandani. Unakwenda mikono mitupu. Usiingoje tarehe kumi na nne, mtu anayerudi siku ya mwisho amerudi kwa ajili ya nguo zake. Unakwenda leo ukishasikia haya, kukiwa bado kweupe, majirani wakuone. Unamwambia maneno haya, nayasema polepole uyaandike: "Nilikupigia kelele bila sababu, nikakusingizia, nikakuacha wiki tatu. Nimekosa." Unanyamaza hapo. Huongezi "lakini." Halafu unamwambia mama mkwe hayo hayo, kwa sababu alitoka jikoni akayasikia. Kiapo chako ulikiapa kwa wanaume kumi wenye midomo mirefu, Jumapili utawaambia umekivunja, watacheka mpaka saa sita, halafu watakuwa na njaa.

Habari ya mkono wa kushoto utamwambia akishakuuliza mwenyewe. Atauliza, inaweza kuwa baada ya siku mbili, inaweza kuwa baada ya mavuno. Akitaka kuupiga, mpe, simama nyuma yake, ufunge mdomo.

Chencho, watawa wakija wanataka chai mapema, na kuna maji ya kuteka, kuni za kupasua, taa za siagi za kufutwa, na yule mama mkwe wako magoti yamechoka. Phub Zam hawezi kuyafanya yote peke yake. Zima redio uende.

Bibi Gyem Lham