Dada Raheli, Mchungaji Alikuwa Kimandolu

Dada Raheli,

Mvua za vuli zimeanza, na udongo wa kaburi lako umedidimia. Juma lililopita nilibeba mwingine kwa karai, nikajazia na kushindilia kwa miguu. Nilikuwa peke yangu pale migombani, nikaanza kusema nawe kwa Kimeru kama zamani. Nikafika mahali nikakwama. Lipo jambo ambalo halinitoki kwa lugha ya nyumbani. Ndiyo sababu nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya shule, lugha niliyoitumia kulisoma jina lako kanisani.

Ulinilea, Dada. Mama alipofariki mimi nilikuwa sijaota meno yote, nawe ulikuwa msichana mdogo tu, ukanibeba mgongoni hadi kisimani na hadi sokoni Maji ya Chai, mkungu wa ndizi kichwani na mimi nyuma. Watu wakikuuliza huyu ni mtoto wako, unajibu, "Ni wangu." Walimu walipokuja kuandika watoto wa shule, Baba alisema aende mmoja. Uliniosha miguu, ukanisukuma mbele. Wewe ukabaki na jembe. Hivyo ndivyo nilivyokuja kuwa mwalimu wa mtaa wetu, wa shule na wa kanisa, mtu wa kuandika majina ya wabatizwa na ya wanaojiandikisha kula Chakula cha Bwana.

Shemeji Yona alipokwenda vitani na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, ulinipa barua zake nikusomee. Ile ya mwisho haikuwa ya mkono wake. Ilitoka bomani Arusha, imepigwa chapa, nami nilikusomea mlangoni kwako ukiwa umeshika ungo. Hukuuangusha. Uliendelea kupepeta. Mpaka leo sijui ulikuwa unapepeta nini, maana ungoni hamkuwa na kitu tena.

Matanga yalipokwisha, ukoo wa Yona ukakaa kikao na kuamua. Elifasi, mdogo wa marehemu, akurithi wewe pamoja na kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, na kahawa yake. Elifasi alikuwa na mke tayari, Mama Samweli, wa ndoa ya kanisani. Ulinijia siku ya pili yake nikiwa nachuma kahawa. Ulisema, "Nikikataa, natoka na nguo hizi nilizovaa. Zakaria na Tito ni watoto wa ukoo, watabaki kule. Niambie wewe uliyesoma. Mungu anataka niwaache wanangu?"

Nikakujibu, "Mungu atafungua njia."

"Njia ipi, Anaeli? Kwako kuna vyumba viwili."

Nikaendelea kuchuma. Mke wangu alikwisha kuniambia kwamba angekupokea wewe na watoto, tubanane tu. Sikukuambia. Niliogopa kugombana na ukoo wa Yona, mimi mwalimu, kila asubuhi watoto wao wako mbele yangu darasani. Hilo ndilo la kwanza ambalo hukulijua, na leo nakuambia.

Ukaenda kwa Elifasi.

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa Jumamosi kuamua kama mtengwe, maana sheria ya kanisa ni mume mmoja, mke mmoja. Mzee Natanaeli ndiye aliyeongoza, unamjua, hana ubaya na mtu, ila akishashika neno haliachii. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni dada yako. Una neno?" Dada, wote walinisubiri. Walikuwepo wawili pale ambao najua wangenifuata kama ningesema neno moja tu. Nikasema, "Sheria ni sheria." Nikajiona mtu mkubwa sana aliyeshinda damu yake.

Kesho yake nikasoma majina ya waliotengwa. La Elifasi, kisha lako. Elifasi hakuwepo. Wewe ulikuwepo, benchi la tatu upande wa wanawake, Tito amelala mapajani. Nilidhani utatoka nje na hutarudi, kama wengine. Ulisimama, ukambeba mtoto, ukaenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Jumatatu ukaja kwangu na vitambaa vya madhabahu, vile ulivyokuwa ukivifua tangu usichana wako, maana uliambiwa usiviguse tena. Vimefuliwa, vimepigwa pasi ya mkaa, vimekunjwa. Ukasema, "Vyote vipo. Kile chenye msalaba mwekundu nyuzi zimeachia pembeni, mwambie atakayepewa ashone kabla hakijachanika." Ukaondoka. Hukunilaumu hata kwa macho, na mimi nikaona hiyo ni dalili kwamba nimefanya sawa.

Miaka minne, Dada. Kila Jumapili ya Chakula cha Bwana, mahubiri yakiisha, mlitoka ninyi mliotengwa mkakaa upenuni. Wengine walikwenda zao nyumbani. Wewe ulikaa pale ukaimba kutoka nje, ile sauti yako ya pili, ikapita dirishani ikashikana na ya wanawake wa ndani mpaka mtu asijue ukuta uko wapi. Ndipo Mzee Natanaeli akaniambia watu wanachanganyikiwa, nikakwambie uimbe polepole. Nikaja nikakuambia. Ulisema, "Sawa, Mwalimu." Siku hiyo ndiyo ulianza kuniita Mwalimu. Na hukuimba tena.

Kisha akazaliwa binti, na baada yake kikaja kikohozi. Tulidhani ni baridi ya mlimani. Ukakonda hadi kanga ikawa inakuzunguka mara mbili. Elifasi alikupeleka hospitali mjini, ukarudishwa na dawa, dawa zikaisha, kikohozi kikabaki. Aliyekuuguza ni Mama Samweli. Nilipokuja kukutazama nilimkuta amekukalisha, amekuegemeza kifuani kwake, anakulisha loshoro, mahindi laini ya maziwa mgando, kwa kijiko kama mtoto. Mwanamke ambaye kwa sheria zetu wewe ulimkosea kuliko wote.

Siku ile ya Jumatatu uliomba atoke kidogo. Ulisema, "Nataka kula Chakula cha Bwana kabla sijaenda."

Nikasema, "Mchungaji anakuja Jumapili ya tatu."

"Jumapili ya tatu ni mbali."

Nikakwambia habari za kurudi kundini, kwamba lazima utoke nyumba ya Elifasi, usimame mbele ya usharika, uulizwe, ujibu. Nilisema hayo, Dada, kwa mtu asiyeweza kusimama. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Halafu ukasema, "Wewe maneno yale unayajua yote kwa moyo. Na mkate upo."

"Sina ruhusa."

"Haya." Ukafumba macho. "Basi omba tu." Nikaomba, ombi fupi. Mvua ilikuwa inakaribia, na mimi nilitaka kuvuka mto kabla haujajaa. Ulikufa Alhamisi alfajiri.

Tulikuzika kwenye migomba. Kengele haikupigwa. Mimi nilisimama na watu wengine kama jirani, maana mwalimu haombi kwenye kaburi la aliyetengwa. Elifasi alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na matope ya masika yakawa yanamrudia shimoni kila anapoyatoa. Ulipokwisha kushushwa, watu wakanitazama. Mama Samweli ndiye aliyesema Baba Yetu, peke yake, mbiombio, kama anayeogopa kunyang'anywa. Alipofika "utusamehe makosa yetu" alinikazia macho. Nikatazama chini.

Mchungaji alikuja Jumapili ya tatu kama ilivyopangwa. Baada ya ibada nikamweleza, nikitarajia anifariji. Akauliza ulikufa lini. Nikamwambia. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Juma hilo nilikuwa Kimandolu," akasema. "Nilikuwa na msiba pale, nilikaa toka Jumapili mpaka Ijumaa. Mbona hukuja kuniita?"

Nikasema nilidhani hawezi kuja kwa mtu aliyetengwa.

"Nani alikuambia? Anayekufa haulizwi analala nyumba ya nani. Ningekuja hata kwa miguu."

Kimandolu, Dada! Ukiondoka huku jogoo wa kwanza, jua halijawaka sana umefika. Nimetembea njia hiyo mara ngapi kwenda mjini kutafuta chaki? Ningeondoka Jumanne, Jumatano ungekuwa umekula. Sikuuliza mtu yeyote mchungaji yuko wapi. Hiyo ndiyo habari niliyoshindwa kukuambia kwa Kimeru. Mlango ulikuwa wazi, mimi ndiye niliyesimama katikati yake, na nikauita sheria.

Sikulala vizuri tena. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama nikawaambia watu wote, kuanzia vile vyumba viwili mpaka Kimandolu. Sikuwa na maneno mazuri. Katikati nililia, nikaona watoto wa shule wanatazamana, hawajapata kumwona mwalimu akilia. Mzee Natanaeli aliniambia nje, "Umeliaibisha baraza mbele ya watoto." Niliwarudishia kitabu cha majina. Kazi hiyo amepewa mtu mwingine, na sasa benchi la mwisho ndilo ninalokaa. Shule wameniachia, hakuna mwingine wa kufundisha.

Sasa nikuambie lililonitesa kuliko yote. Mwezi wa sita baraza lilikaa, likasema kwa kuwa wewe umefariki, Elifasi amebaki na mke mmoja, nyumba yake imenyooka, arudi kundini. Ndivyo walivyosema. Imenyooka. Akasimamishwa mbele, akaulizwa kama anatubu, akasema anatubu, lakini sauti yake haikufika hata benchi la pili. Watu wakaimba wimbo wa furaha. Simchukii Elifasi. Namwona jioni akipalilia kahawa ya Yona, akipita kaburini kwako anavua kofia. Ila nilikaa pale nikafikiri, mtu mmoja amerudishwa kwa kufa kwa mwingine, na aliyekufa bado yuko nje.

Walipoitwa mezani, Elifasi akaenda. Mama Samweli hakusimama. Mzee Natanaeli akamfuata, akainama akamwambia jambo. Akajibu kwa sauti ya kawaida, na kanisa lilivyokuwa kimya wote tulisikia, "Mimi sili mahali ambapo mwenzangu alinyimwa." Hajala mpaka leo. Binti yako anamlea yeye, amembeba mgongoni mchana kutwa. Anatembea sasa. Alibatizwa mwezi uliopita, nami nikawa mdhamini wake. Wazee walisitasita kuhusu mimi, mchungaji akasema nafaa.

Nimeliomba baraza jina lako lisomwe tena kanisani kama lilivyosomwa mara ya kwanza, lisomwe kwamba umerudi. Nimeomba mara mbili. Wamesema aliyekufa hawezi kutubu. Nikawauliza alitakiwa atubu nini, kubaki na wanawe? Hawakubadili neno.

Zakaria na Tito wanakula kwangu siku za shule. Zakaria anasoma vizuri. Tito ana hasira, hataki kuingia kanisani, anakaa nje upenuni mpaka ibada iishe. Simlazimishi. Naogopa kumwambia lolote kuhusu Mungu, maana najua ataniuliza.

Ndugu yangu, sina la kukupa. Huko uliko, naamini umeshakula bila kutuuliza sisi. Hilo nashikilia, siku nyingine kwa nguvu, siku nyingine kwa kucha tu. Sikuombi unisamehe kwa barua, maana hata kunilaumu hukunilaumu, na mtu asiyelaumu ni vigumu kumwomba msamaha.

Lakini ahadi nakupa. Mwezi uliopita yule mzee wa juu karibu na msitu, mwenye wake watatu, alizidiwa. Nilisikia saa nne asubuhi, saa nne na robo nilikuwa njiani kumtafuta mchungaji. Sikumkuta Kijenge, wakanielekeza mbele, nikaenda. Tulirudi naye tumelowa mpaka mifupa, na yule mzee akala, mchungaji akimshikilia mkono. Alifariki siku ya pili. Wazee hawajanisemesha tangu hapo. Nitafanya hivyo kila nitakapoitwa, na nisipoitwa nitauliza nani mgonjwa. Na baraza likikaa tena mwezi wa kwanza, nitaliomba jina lako mara ya tatu, na baada ya hapo ya nne, mpaka walisome wao au wanizike mimi nikiwa bado naomba. Wanangu na wanao nitawaeleza habari hii kama ilivyokuwa, bila kujipamba, ili asiwepo wa kusema wewe ulikuwa mwenye dhambi na mimi nilikuwa mwalimu.

Kwaheri, Dada. Mama Samweli amemtuma Tito, amesimama mlangoni hapa, anasema kuna mwanamke Maji ya Chai anayetapika damu na jina lake halimo kitabuni. Navaa viatu.

Ni mimi mdogo wako,
Anaeli