Wageni Ndani ya Graniti

Jumanne, 4 Machi

Majibu yametoka! Graniti ya mgodini si kongwe hata kidogo. Nimepima urani iliyobaki na madini ya risasi yaliyozaliwa humo urani ikioza, chembe baada ya chembe: miaka milioni mia sita. Na mshipa wa dhahabu umepita katikati ya graniti, kwa hiyo dhahabu ni changa zaidi. Mtoto hamzidi mama umri.

Chembe chache zilitoa miaka bilioni mbili na nusu. Nimeziweka kando – wageni hao, graniti iliwameza ikipanda kutoka chini ingali uji wa moto. Hutokea.

Tatizo ni baba mkwe. Ametembea na nyundo akichunguza miamba mpaka akastaafu, akisema dhahabu ile ina miaka bilioni mbili na ushei. Mume wangu kaniomba nimwambie mzee faraghani kwanza. Nikamjibu sayansi haina mkwe. Nilijipenda kwa jibu hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutano wa wanajiolojia. Baba mkwe alikaa mstari wa mbele, na koti alilovaa kwenye harusi yetu. Nilipotaja umri, mtu huko nyuma akacheka. Nami – Mungu anisamehe – nikatabasamu.

Mzee akasimama. Nilidhani atabisha.

"Mwanangu amepima, mimi nilikisia," akasema. "Nilikosea."

Akapigiwa makofi. Mimi nikapigiwa zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwenzangu wa maabara amepima jiwe lake, la mbali kabisa na mgodi. Milioni mia sita. Umri ule ule! Akaona ni ajabu, akacheka. Mimi nikakimbilia daftari la mashine ya kusagia.

Jiwe lake ndilo lililosagwa kabla ya langu. Kati ya jiwe na jiwe tunasaga mchanga mweupe ili mashine isibaki na chembe za jana. Hilo tunafundishwa siku ya kwanza. Siku ile sikusaga. Nilikuwa na pupa ya majibu – nikapuliza, nikapangusa, basi.

Kumbe wageni ni zile changa, zilizobaki kutoka jiwe lake. Nilizozifukuza ndizo wenyeji. Mzee alikuwa sahihi.

Nimemvua nguo mkwe wangu mbele za watu, tena kwa uzembe wangu. Naona aibu mpaka ya kujitazama kwenye kioo. Mume wangu kauliza mbona sili. Nikasingizia kichwa.

Jumapili, 16 Machi

Naandika garini, karibu na lango la wakwe zangu.

Mama mkwe alipiga simu asubuhi. Alisema niwahi nichague ninayotaka katika mawe ambayo mzee ameyakusanya maisha yake yote, anayatupa. Mawe yale yalifungiwa kabatini, hata wajukuu hawakuruhusiwa kuyagusa. Sasa namwona ameinama, anayashindilia kwenye dimbwi la tope langoni ili magari yasikwame. Graniti ile ile imo.

Njia nzima nimefanya mazoezi: Baba, nilikosea. Yeye aliyasema hayo mbele ya ukumbi mzima, na kosa hakuwa nalo. Mimi niko peke yangu na vioo nimefunga, na bado naishia kwenye neno Baba.

Ameniona. Anakuja, mikono tope tupu, uso umekunjuka. Anasema nipitishe gari juu ya mawe, tuone kama yatashika. Nimeitikia, "Ndiyo, Baba." Hilo tu.

Nimewasha injini. Amerudi langoni, kasimama pembeni, ananiita kwa mkono – njoo, njoo, usiogope.