Babu Ametundikwa Kanisani kwa Wazungu

Mama, mwaitu wangu,

Habari za Mbumbuni? Mbaazi zimekubali mwaka huu? Huku Uingereza ni manyunyu tu tangu asubuhi, mvua hainyeshi ikamaliza.

Jana mwenyeji wangu alinipeleka kijiji kimoja kuona historia ya familia iliyomiliki ardhi yote ya hapo tangu zamani. Picha zao zimetundikwa kanisani. Moja ilipigwa kwetu, kwenye ile ranchi ya kijana wao. Mzungu amepanda farasi, na aliyeshika hatamu ni Babu, baba yako. Nilimtambua kwa ule mkono wa vidole vitatu. Chini wameandika jina la Mzungu, la farasi, hata la mbwa. La Babu hakuna.

Nikamwambia mzee anayetunza picha, "Huyu ni babu yangu, Mulwa Ndeto."

Akafurahi kweli. "Kumbe familia zetu ni marafiki wa zamani!"

"Hapana, mzee. Babu alimshikia farasi kwenye shamba ambalo Wazungu walimnyang'anya baba yake Babu."

Akasema jina litaongezwa kamati ikikubali. Nikatoa kalamu nikaliandika mwenyewe, yeye akitazama.

Mungu akulinde, Mama, na miguu ipungue kuuma. Lakini kadi hii usimsomee Mjomba Kyalo. Mpaka leo yeye huwaambia watu kwamba yule Mzungu alimpenda Babu kama ndugu.

Binti yako,
Mwende