Neno la Karani Kuhusu Kiwanja

Jumatatu, 5 Oktoba 1953
Miezi minne na siku tisa tangu nitoke Dongobesh. Bega limevimba tena. Tunaburuta mnyororo wa kupimia ardhi wa Bwana Mpima toka asubuhi, vumbi la Katesh limejaa mdomoni. Leo tumepiga vigingi toka barabara ya Singida hadi karibu na nyumba ya Mama Saumu, ninapolala. Akauliza vya nini. Sikujua. Nikamuuliza karani Nicodemo, naye akajibu neno moja bila kuinua kichwa: kiwanja. Nikampelekea Mama Saumu neno hilo kama lilivyo. Akafurahi, akaniongezea maziwa.

Alhamisi, 8 Oktoba
Kiwanja! Mji mzima unalisema. Eti serikali itagawa viwanja, maduka yatajipanga mpaka njia ya Nangwa. Mwezi uliopita Halfani mwenye duka aliitazama nyumba ya Mama Saumu, akaiita banda la mbuzi, akasema atatoa ng'ombe watatu. Leo kaja kavua kofia — saba! Mama Saumu akamwambia banda la mbuzi haliuzwi kwa haraka, arudi wiki ijayo. Anataka kuuza vizuri ahamie Kondoa kwa bintiye Hajira, aliyefiwa na mume na ana watoto wanne.

Jumatatu, 12 Oktoba

Bwana Mpima alitandaza ramani juu ya Landrova, mimi nimeshika pembe isipeperuke. Pale penye vigingi vyetu kuna ndege wa penseli ya buluu. Nikasema huyu mwewe wa nini. Nicodemo alicheka mpaka akakohoa. Kiwanja cha ndege, Joakimu! Wewe ulidhani cha nini?
Nyumba ya Mama Saumu iko nje ya vigingi, haibomolewi. Huo ndio ubaya. Ingebomolewa angelipwa fidia. Lakini iko pale ndege zitakapoinukia — marufuku kujenga, kuongeza chumba, hata kubadili bati. Nani atanunua nyumba isiyoruhusiwa kuezekwa? Tangazo litasomwa barazani Jumamosi.

Jumanne, 13 Oktoba
Nimemwambia. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha. Alipomaliza ungo ule akasema:
"Mwanangu, neno la kwanza ulilileta wewe. Hili la pili limeze."
Halfani amefika ng'ombe tisa. Wataandikiana Ijumaa baada ya sala.
Halfani ana mdomo mchafu. Lakini mwezi wa saba nilipoangushwa na homa, alimtuma mkewe Sada aniletee uji siku tano. Mimi Mkristo, mtu wa kuja, hakuna aliyenijua.

Ijumaa, 16 Oktoba
Asubuhi Halfani alinifuata kazini. Nikamwamkia shikamoo. Akanivuta nyuma ya Landrova.
"Wewe ndiye unashika ramani. Hiki kiwanja ni kiwanja kweli?"
"Ndiyo, mzee. Ni kiwanja."
Si uongo. Akanishukuru! Akanipa sukari nimpelekee mke wangu Benedikta. Iko hapa, ndani ya karatasi ya dukani kwake. Nimeihamisha mara tatu, kila mahali naiona.

Sasa wako sebuleni. Sala imekwisha. Nasikia Halfani anapanga: ukuta huu atautoboa uwe dirisha la duka, mbele ataongeza vyumba viwili. Mama Saumu anaitikia tu. Kisha nikasikia wakisema hawana shahidi anayejua kuandika jina lake. Mama Saumu akasema yupo, huko nyuma, kasoma misheni.
Namfikiria Hajira na watoto. Namfikiria Sada na bakuli la uji.
Benedikta nilimwambia nitarudi mvua zikianza. Haitakuwa hivyo. Nikitia jina, lazima niondoke alfajiri kabla ya baraza. Nikisema kweli, sina tena pa kulala Katesh — alfajiri vilevile. Siku tatu za mguu. Jumatatu nitakuwa nyumbani.
Mama Saumu ananiita. Mara ya pili sasa.