Kurasa Nne za Fizikia

Jumatano, 14 Machi 1956

Nimepalilia migomba tangu asubuhi, upande wa chini wa kibanja. Mvua imekatika saa nne. Maharage ya Mama leo yalikuwa na mawe, jino linaniuma mpaka sasa. Baba amerudi kutoka posta ya Bukoba na bahasha mbili ndani ya shati, kifuani, zisilowe.

Ya kwanza ni ya chuo cha Kampala. Nimepata nafasi. Nikifaulu miaka ya mwanzo naendelea na fizikia mpaka digrii.

Ya pili imepitia misheni. Stempu za Amerika. Nako nimepata.

Tangu tumalize mtihani Tabora nimekuwa nikimwomba Mungu chuo kimoja tu, chochote, mradi kinifundishe fizikia. Kanipa viwili. Nimelala chali chini ya migomba nikacheka peke yangu. Mama kadhani nimeumwa na siafu.

Jumapili, 18 Machi

Mchungaji kanitangaza kanisani bila kuniuliza. Kijana wetu wa Kagoma anakwenda Amerika. Akina mama wakasimama wakaimba. Ta Ishengoma, mzee wa usharika, kanishika mkono akaushikilia, kana kwamba meli iko nje inapiga honi.

Kampala hakuitaja mtu. Kampala hata wachuuzi wa samaki wanafika. Nimeitikia tu, asante, asante.

Jumanne, 20 Machi

Nimesoma vitabu vya maelezo vya vyuo vyote viwili, vilivyokuja na barua, pole pole, kalamu mkononi.

Kampala: fizikia kurasa nne. Joto, mwanga, sauti, umeme, sumaku. Majaribio mchana mara tatu kwa wiki, kila mwanafunzi na meza yake.

Amerika: fizikia nusu ukurasa. Miaka miwili, kisha mwanafunzi ajitafutie chuo kingine cha kumalizia digrii. Nimerudia mstari huo mara tatu nikidhani Kiingereza changu kimenitupa. Hakijanitupa. Somo la Biblia lina kurasa nyingi, nzuri, zimepangwa vizuri. Kuna hata picha ya theluji.

Nataka Kampala. Nimeshaliandika hapa. Sasa sijui nani ataniamini, maana hajawahi kutokea mtu hapa akaikataa Amerika.

Jumamosi, 24 Machi

Nimekwenda Kanazi kwa baiskeli ya Baba kumwona Deo.

Niandike hili hapa, maana siwezi kulisema nyumbani. Deo ni ndugu yangu wa omukago, undugu wa kuchanjiana damu. Tulikula kahawa pamoja bwenini Tabora, mwaka wa pili, baada ya yeye kuniuguza malaria siku tisa. Punje mbili za tunda moja, kila mmoja na tone la damu yake, akameza yangu nikameza yake. Yeye alijikata kwa wembe bila kukunja uso. Mimi nilikaribia kuzimia. Tukaapa kwamba chuo tutakwenda pamoja. Yeye ni Mkatoliki. Usharika wetu unauita omukago ushenzi, na aliyekula akijulikana hutengwa na Meza ya Bwana.

Mama yake, Ma Kokugonza, ni mjane. Kanipokea vizuri, kanipa kikapu kidogo cha kahawa nitafune, kama anavyopewa kila mgeni. Deo naye amepata Kampala. Nimemwambia kwamba Amerika naiacha. Akaangalia miguu yake kwa muda mrefu. Nimeona ameguswa moyo.

Jumatano, 11 Aprili

Akina mama wa usharika wameniletea sweta. Wameifuma wenyewe, nyekundu, nzito kama blanketi. Wamenivalisha sebuleni saa saba mchana, wakanizungusha, wakapiga vigelegele. Jasho likanitiririka mpaka miguuni. Najichukia. Mtu mzima hapaswi kushindwa kusema hapana mbele ya sweta.

Ijumaa, 20 Aprili

Nimepiga moyo konde nimemwambia Baba. Hakukasirika. Kauliza swali moja: hiyo fizikia ni kazi gani?

Sikujua nianzie wapi. Nikafunga jembe lisilo na mpini kwa kamba ya mgomba, nikalitundika kwenye boriti ya kibanda cha mbuzi, nikalisukuma. Nikamwambia ahesabu kwa mapigo ya mshipa wake. Asukume kwa mbali kidogo au kwa karibu, hesabu itakuwa ile ile. Akifupisha kamba, itabadilika.

Baba alisema namdanganya. Kasukuma mwenyewe. Kahesabu. Kafupisha kamba, karefusha, kaita Mama aje ahesabu kwa mshipa wake, labda wa kwake una kasoro. Mpaka jua limeshuka yuko bandani. Mbuzi wamekosa majani.

Jumatatu, 23 Aprili

Baba kaniambia nimsomee vitabu vyote viwili kwa Kihaya, sehemu ya fizikia. Ya Amerika ilikwisha kabla hajawasha kiko. Ya Kampala ilipofika ukurasa wa tatu akanizuia, akauliza kama lile jembe limo. Limo. Nimemwonyesha mstari.

Atakwenda kwa mchungaji yeye mwenyewe. Nimelala mchana kutwa kama mtoto. Sikujua nilikuwa nimechoka hivyo.

Jumapili, 29 Aprili

Furaha imekwisha mapema. Mpwa wa Ta Ishengoma alikuwa Tabora, mwaka mmoja nyuma yetu. Ameongea. Sasa usharika mzima unajua kwamba nimekula omukago na mtoto wa Kikatoliki wa Kanazi, na kwamba ndiye anayenivuta Kampala. Mama hanisemeshi. Alitoka kanisani peke yake, mbio, kama anayewahi mvua.

Wazee watakuja nyumbani Jumamosi.

Naogopa kutengwa. Naogopa zaidi jambo jingine. Huenda wanasema kweli. Huenda kurasa nne ni kisingizio, na ninachotaka ni Deo kitanda cha pili, tukicheka kama Tabora.

Jumamosi, 5 Mei

Walikuja watano, mchungaji akiwa mbele. Walikaa, wakaomba, wakaanza moja kwa moja, hata Baba hakupata nafasi ya kuwakaribisha. Ta Ishengoma ndiye aliyeuliza.

"Yoeli, ni kweli ulikula kahawa na huyo kijana wa Kanazi?"

"Ni kweli, waitu," nikajibu kwa heshima.

Mchungaji aliangalia chini. Niliona mlango wa kanisa ukifungwa mbele yangu, na Amerika, na Kampala, vyote kwa siku moja.

Baba akanyanyuka, akaingia ndani. Nilidhani ameshindwa kuvumilia. Akatoka na kikapu cha kahawa. Akaanza na mchungaji, kwa mikono miwili, akiinama. Mchungaji akachukua. Angefanyaje? Mgeni anayekataa kahawa ya mwenye nyumba ametangaza uadui. Akamfikia Ta Ishengoma, naye akachukua punje mbili, akatia mdomoni.

Baba akarudi kwenye kiti chake. Akasubiri wote watafune.

"Ta Ishengoma," akasema, taratibu kabisa, "hii unaionaje? Inafikia ile uliyokula na marehemu kaka yangu?"

Mzee aliacha kutafuna. Wazee wengine wakaanza kuchunguza dari. Nilitaka ardhi inimeze. Halafu Ta Ishengoma akacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, na Baba ndiye aliyempiga mgongoni. Kumbe kila mtu wa rika lao alijua. Mimi tu, na mpwa wake, hatukujua.

Habari ya omukago haikutajwa tena. Mchungaji akaomba nisome vile vitabu ambavyo Baba alikuwa amemweleza. Nimesoma. Akasema misheni haikutaka kumpeleka mtoto wa watu kutafuta nusu ya digrii, kwamba yeye alisoma barua tu na si kitabu. Nafasi itakwenda kwa mwalimu mmoja anayetaka kusomea Biblia. Kasema yeye ndiye aliyekosea kutangaza, na atatangaza upya. Ni mtu mzuri, yule. Nilikuwa nimeanza kumchukia.

Walipoondoka Mama kaniita kwa jina. Kaniambia nikateke maji.

Jumanne, 8 Mei

Barua zimekwenda. Nimezipeleka mwenyewe Bukoba. Ya Kampala, nakubali. Ya Amerika, nashukuru, siji. Nimetoka posta nikasimama barabarani kama mtu aliyeshushwa mzigo wa ndizi kichwani, shingo nyepesi. Nimekula samaki sokoni, mzima, peke yangu.

Sweta nilitaka kuirudisha. Mama kakataa. Imefumwa kwa kipimo changu, kasema, si kwa kipimo cha Amerika.

Jumamosi, 12 Mei

Deo amekuja. Hakukaa ndani. Alitaka twende kibanjani.

Haendi Kampala. Padre wao anarudi kwao Kanada kwa likizo na amempatia nafasi katika chuo cha huko, fizikia, miaka yote mpaka mwisho. Barua aliipata Machi. Alikuwa nayo mfukoni siku ile nilipokwenda Kanazi kumwambia naiacha Amerika.

"Nilikula punje yako," akasema. "Nilidhani nikikuambia itanikaba."

Mimi nimesimama mbele ya wazee watano. Nimekiri. Nimeiacha Amerika, na watu wote wanaamini ni kwa ajili yake. Na yeye anavuka bahari. Nimemwambia aondoke. Ameondoka.

Jumapili, 13 Mei

Mchungaji ametangaza upya. Nimepokea Meza ya Bwana. Sikuisikia ladha yake. Hasira tu.

Jumatatu, 14 Mei

Bado hasira. Jioni, kabla jua halijazama, nimekichukua kitabu cha Kampala nikasoma tena zile kurasa nne. Nilitaka kujua mara moja. Deo hayumo tena humo. Hakuna kitanda cha pili, hakuna Tabora. Kuna joto, mwanga, sauti, umeme, sumaku, na meza yangu mwenyewe mara tatu kwa wiki.

Naitaka. Naitaka vile vile. Pengine zaidi.

Basi haikuwa Deo. Nilichagua kwa akili yangu. Nimefurahi kiasi cha kuona aibu, maana mtu akimpoteza ndugu yake hapaswi kuvuta pumzi hivi. Lakini nimeivuta. Nyumba nzima wamenisikia.

Jumatano, 16 Mei

Nimekwenda Kanazi kumwomba Deo radhi. Naye ameomba. Tumecheka kidogo, si sana. Kaniambia kinachomtesa si mimi. Ni mama yake. Wadogo zake ni wasichana wawili wadogo, kahawa inaanza kuiva, na Kanada si mahali pa kurudi likizo.

Kampala ni kulala mara moja tu melini. Nimemwambia hivyo. Kanikumbatia, jambo ambalo hatufanyi kamwe.

Nyumbani Baba alipoisikia habari ya Kanada kacheka peke yake mpaka chakula kikapoa. Anataka kuwa yeye atakayempasha Ta Ishengoma.

Alhamisi, 7 Juni

Gatini Bukoba, mchana. Deo kaondoka na Padre wake kwa meli ya Kisumu, wakapande meli kubwa Mombasa. Ma Kokugonza alisimama wima, hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikasema ni upepo wa ziwa.

Nimempa sweta. Imemkaa sawasawa, kipimo chetu kimoja. Aliivaa pale pale, kwenye jua, akapanda ngazi ya meli mwekundu kama pilipili. Akina mama wetu wa Kagoma watajua, habari haifichiki hapa. Sweta ya Walutheri inakwenda Kanada mgongoni mwa Mkatoliki. Mama kasema wakiuliza atawaambia ilikuwa inanibana.

Jumamosi, 30 Juni

Kanazi tangu asubuhi. Meli yangu ni Jumanne. Sanduku limefungwa, vitabu chini, shati jeupe juu.

Nilikuja kuaga tu. Nilimkuta Ma Kokugonza na mgeni, jirani aliyekuja kuulizia kama Deo ameandika. Bado hajaandika. Nimeketi. Ma Kokugonza kaingia ndani, katoka na kikapu cha kahawa, kampa jirani kwa mikono miwili. Nikanyoosha mkono wangu. Akanipita. Akakirudisha kikapu ndani.

Nilikaa nikiwaza nimemkosea nini.

Akatoka na kapu la kuchumia, akaliweka miguuni pangu.

"Mibuni ya kule bondeni haijaguswa," kasema. "Na usinivunjie matawi, Deo alikuwa anavunja."

Nimevua shati. Nimechuma mpaka saa kumi.